Uzi: Bwawa la maji ya mji si ziwa, tujifunze kulisoma kabla ya kwenda kutembea kando yake

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikizunguka mabwawa ya maji ya miji kwa miaka mingi, mara nyingi kwa miguu na mara chache kwa mtumbwi, na kila msimu wa likizo nasikia lalamiko lilelile. Mtu amefunga safari, amefika kwenye maji mapana yaliyotulia na kuzungukwa na msitu, halafu anakuta kibao kinachomkataza kuogelea, kingine kinachomkataza kuingia na mbwa, na cha tatu kinachomwonya asivuke maboya. Anarudi nyumbani akiamini kwamba waliolikabidhiwa bwawa hilo wana roho mbaya tu. Naamini lalamiko hilo linatokana na kulichukulia bwawa kama ziwa, ilhali ni chombo cha kuhifadhia maji, mfano wa tangi lisilo na kifuniko, na raha yake kubwa kwa mtembezi haimo majini bali imo katika ukanda wa msitu, majani na vighuba unaolizunguka.

Msitu huo haukubaki pale kwa bahati. Maji ya bwawa hutoka katika eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia humo, yaani dakio, na hakuna mtambo wa kusafisha maji ulio rahisi kuliko dakio lenye miti, kwa kuwa majani yaliyoanguka huvunja nguvu ya matone, mizizi hushika udongo, na maji hufika bwawani taratibu yakiwa yameacha tope lake njiani. Singapore ndiyo mfano ninaoupenda. Bwawa la MacRitchie lilikamilika mwaka 1868, na wakati mji ulipokuwa ukipanuka na kumeza misitu ya kisiwa kile, msitu wa kandokando ya bwawa ulinusurika kwa sababu ulikuwa unalinda maji ya kunywa. Leo ni sehemu ya hifadhi yenye zaidi ya hekta 2,000, na tangu mwaka 2004 kuna daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 250 linalompitisha mtembezi juu ya vilele vya miti, sehemu nyingine kwenye kimo cha mita 25 kutoka ardhini. Kwa hiyo katazo la kuoga na raha ya kutembea msituni ni watoto wa mama mmoja. Ukimfukuza mmoja, sioni jinsi utakavyombakiza mwingine.

Sasa, namna ya kulisoma. Ukifika, tafuta kwanza ukuta. Bwawa lililojengwa bondeni huwa na kina kikubwa karibu na ukuta, na hupungua kina kadiri unavyokwenda upande ambao mito inaingilia. Kando ya ukuta au mbele yake kidogo utaona mnara uliosimama majini, pengine wenye daraja jembamba la kuufikia. Huo ndio mnara wa kuchukulia maji, na matundu yake yako kwenye vina mbalimbali ili wahudumu wachague maji ya tabaka lililo safi zaidi siku hiyo. Mvuto wake uko chini, hauonekani juu hata kwa kiwimbi kimoja, na ndiyo maana maboya yamefungwa mbali nao. Kisha tafuta njia ya maji ya ziada, yaani utoro, ambako maji hutoka bwawa likijaa. Mahali pengine ni mfereji mpana wa zege pembeni mwa ukuta, na mahali pengine ni shimo la mviringo lililosimama ndani ya maji kama kinywa cha faneli. Bwawa la Ladybower nchini Uingereza linayo mawili ya namna hiyo, na picha zake zimezagaa mitandaoni. Kupiga picha ukiwa ng'ambo hakuna ubaya, lakini kulisogelea kwa mtumbwi ni wazimu.

Alama ya tatu ni ukingo ulio wazi kati ya maji na majani. Ziwa lina ufukwe, bali bwawa lina mstari unaopanda na kushuka kila mji unapokunywa na kila mvua inaponyesha, na ardhi iliyo kati ya kiwango cha juu na cha chini haijui kama ni nchi kavu au ni chini ya maji. Hapo ndipo nilipopata somo langu. Siku moja ya kiangazi niliona tope lililokauka na kupasuka vipande kama vigae, kila kipande kimekunja kingo zake juu, nami nikaamini kwamba kitu kilichopasuka kwa ukavu kitanibeba. Hatua tano za kwanza zilinibeba. Ya sita ilitoboa gamba, na mguu wangu wa kulia ukazama hadi juu ya goti katika tope jeusi, baridi, lenye harufu ya yai bovu. Nilipojaribu kuuvuta kwa nguvu, wa kushoto nao ukaanza kushuka. Kilichoniokoa ni kukaa kitako, kulala chali na kutandaza mikono, kisha kuuzungusha mguu kidogo kidogo hadi maji yalipopenya kando yake na kulegeza ule mvuto. Nilitoka bila kiatu. Mwaka 2018, kiwango cha maji cha Ladybower kiliposhuka na magofu ya kijiji cha Derwent yakajitokeza, watazamaji walifurika, na waokoaji walilazimika kwenda kumtoa mtu aliyenasa topeni, kwa hiyo angalau najua kwamba sikuwa mjinga peke yangu.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu waongezee, na wenye kupinga wapinge kwa hoja.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nashukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu, lakini kuna jambo ambalo hukuligusa na ndilo linalotukera wengi. Kwenye bwawa ninalolitembelea, boti za wavuvi zenye injini zinaruhusiwa, ilhali mimi ninayetaka kuogelea kwa nusu saa bila kumwaga tone la mafuta nakatazwa. Ikiwa hoja ni usafi wa maji ya kunywa, naomba nielezwe jinsi mwili wangu ulivyo mchafu kuliko injini.

#3 Mleta mada

Mkuu, swali lako ni la haki, na sitajifanya kwamba kila kanuni ya kila bwawa imepimwa kwa mizani. Mimi mwenyewe naona kwamba palipo na maji ya kunywa, makasia na mota za betri zingetosha. Lakini kukatazwa kwako kuogelea kuna sababu mbili ambazo injini haizigusi.

Ya kwanza ni vijidudu. Mwili wa mwogeleaji, hata aliyeoga nyumbani, huacha majini chembechembe ndogo za kinyesi, na miongoni mwa vinavyoweza kusafiri humo ni kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, ambacho gamba lake gumu hustahimili klorini kwa kiwango kinachotumika kusafisha maji ya kunywa. Mwaka 1993 kijidudu hicho kilipita katika mitambo ya maji ya mji wa Milwaukee, Marekani, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 400,000 waliugua. Maji yale yalitoka ziwani na si bwawani, wala waogeleaji si wa kulaumiwa kwa tukio lile; nalitaja ili uone ukubwa wa hasara pindi kizuizi cha mwisho kinapovuja. Jiji la New York hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mabwawa ya Catskill na Delaware bila kuyapitisha kwenye chujio, likitegemea ulinzi wa dakio, klorini na miale ya urujuanimno. Hapo mtu anaweza kupewa kibali cha kuvua samaki kwa mashua, lakini mashua yenyewe husafishwa kwa mvuke kwanza ili isilete kome wadogo wavamizi wanaoziba mabomba, na kuogelea hakuruhusiwi. Kwa hiyo wavuvi hawakuachiwa hivi hivi. Wanajulikana, na vyombo vyao vimekaguliwa.

Ya pili ni kwamba bwawa huua waogeleaji hodari. Jua hupasha joto tabaka la juu tu, na mita chache chini yake kuna maji mazito ya baridi ambayo hayachanganyiki nalo kwa miezi. Unaporuka kutoka ukingoni unapita tabaka la uvuguvugu na kuingia kwenye baridi ghafla. Katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mwili hushtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na mdomo ukiwa chini ya maji wakati huo, mchezo umekwisha. Mvuvi aliye ndani ya boti na jaketi la kuokolea maisha yuko katika hali tofauti kabisa na yako. Tena kingo za bwawa mara nyingi ni mteremko mkali wa mawe au zege lenye utelezi, kiasi kwamba aliyechoka hana mahali pa kushika.

#4 Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwenye mbwa, na naomba niwe mkali kidogo. Msituni humo wamo nyani, swala na ndege kwa maelfu, na hakuna anayewafungia mlango wala kuwavalisha mifuko ya kinyesi. Mbwa wangu mmoja, aliyechanjwa na anayetembea kwa kamba, ndiye anayeonekana hatari. Huu si ubaguzi?

#5 Mleta mada

Ndugu yangu, hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na kwa sehemu ni ya kweli. Lakini sikubaliani na wazo kwamba wanyama pori wameachwa. Kwenye bwawa la Quabbin, jimbo la Massachusetts, ambalo hulisha eneo la Boston, wafanyakazi huwafukuza shakwe kwa boti na fataki ili wasilale karibu na mahali maji yanapochukuliwa, kwa sababu ndege hao hushinda majalalani na jioni huja kulala majini kwa makundi. Hebu fikiria kazi ya mtu anayelipwa kubishana na ndege jioni nzima ya baridi! Huko mbwa wamepigwa marufuku pia, na kuogelea vilevile.

Tofauti ya mbwa na swala ni msongamano. Swala hutawanyika dakio zima, na kinyesi chao huanguka msituni ambako udongo hukipokea. Mbwa wa watembezi huja kwa mamia mwishoni mwa wiki, hupita njia ileile, na huingia majini palepale ambapo njia inakaribia ukingo. Ikiwa bwawa lenu linaruhusu mbwa kwa kamba, shukuru, na usimwachie hata dakika moja karibu na ndege wanaotagia ardhini, maana ndege akifukuzwa kwenye mayai wakati wa jua kali, mayai hayo hayahitaji kuliwa na mbwa ili yaharibike.

#6 Mchangiaji wa tatu

Naomba niongezee upande wa ndege, kwa kuwa ndio unaonipeleka bwawani kila nipatapo nafasi. Wageni wengi husimama juu ya ukuta kwa sababu ndiko maegesho yaliko na ndiko mandhari ilipo pana, halafu wanasema bwawa halina ndege. Ukutani kuna kina kirefu na mawe matupu, kwa hiyo utaona mnandi mmoja aliyetandaza mabawa akiyakausha, na pengine vibisi wawili wakizama na kuibuka mbali na pale ulipowatarajia, basi. Ndege wengine wote wako upande wa pili, kwenye mikono ambako vijito vinaingia. Kule maji ni ya kina cha kifundo, tope lina wadudu, matete yanatoa maficho, na mti uliokufa ukiwa umesimama majini ni kiti cha mdiria na cha tai mla samaki.

Nendeni alfajiri, na mkae upande ambao jua litakuwa mgongoni mwenu. Msikae ukingoni wazi, bali rudini hatua kumi ndani ya miti, kwa maana umbo la mtu lililochorwa dhidi ya anga huwafukuza bata walio mbali sana kuliko mnavyodhani. Mara ya mwisho nilikaa hivyo kwa muda mrefu nikimtazama korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, asijigeuze hata nzi alipomtua shingoni, hadi nikaanza kushuku kwamba ni kisiki. Kisha shingo ikafyatuka, samaki akameta mara moja mdomoni, na kisiki kikarudi kuwa kisiki.

London nayo ina somo hapa. Eneo la Walthamstow Wetlands lina mabwawa kumi ambayo bado yanatumika kulisha mji, na mwaka 2017 lilifunguliwa kwa umma wote bila kibali maalumu. Watu huenda kutazama ndege, kutembea na kuvua samaki, na maji yanaendelea na safari yake kuelekea mabombani.

#7 Mchangiaji wa nne

Habari zenu wote. Mimi ni mama wa watoto wawili, na naomba kuuliza jambo dogo. Wiki iliyopita tulikuta ukingo mmoja umefunikwa na kitu cha kijani kama rangi iliyomwagika, ilhali ng'ambo ya pili maji yalikuwa safi kabisa. Watoto walitaka kukichezea kwa fimbo. Je, nilifanya haraka kuwakataza?

#8 Mleta mada

Dada, hukufanya haraka hata kidogo. Uliyoyaona yanafanana sana na kile kinachoitwa mwani wa buluu-kijani, ingawa kwa hakika si mwani bali ni bakteria, nao hustawi maji yanapokuwa ya uvuguvugu, yametulia, na yamepokea naitrojeni na fosforasi nyingi kutoka mashambani au kwenye maji taka. Hupanda juu na kuelea, kisha upepo huwasukuma wote upande mmoja. Ndiyo maana ng'ambo palikuwa safi. Wengine hutoa sumu inayodhuru ini au mishipa ya fahamu, na mbwa ndio hufa kwanza kwa sababu hutoka majini na kuanza kujilamba manyoya. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu, kwa hiyo wapiga kambi wasijidanganye kwa moto na sufuria.

Mtu mzima anaweza kutumia fimbo ndefu kupima: ikiinua nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele, huenda ni mwani wa kawaida, ikitoka imepakwa rangi bila kuinua chochote, jitengeni na muwape taarifa wasimamizi. Hata hivyo kipimo hicho hakitoi hakikisho, na kwa watoto jibu ni moja tu, nalo ni lile ulilolitoa.

#9 Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nimekuelewa kuhusu baridi na vijidudu, ingawa kuhusu injini bado umeniachia ushindi nusu. Swali langu la mwisho: bwawa likistaafu, yaani lisipotumika tena kwa maji ya kunywa, je, katazo nalo halistaafu?

#10 Mleta mada

Mkuu, ushindi huo nusu ni wako kihalali. Kuhusu kustaafu, inategemea kilichobaki. Bwawa kubwa lililoko katikati ya Central Park, New York, lilikamilika mwaka 1862 na kuondolewa katika mfumo wa maji ya kunywa mwaka 1993, na mpaka leo watu hawaogelei humo. Wanakimbia. Kuna njia ya takriban kilomita mbili na nusu inayolizunguka, na wakimbiaji wamelifanya kuwa lao kuliko ambavyo waogeleaji wangeweza, kwa sababu wanalifurahia mwaka mzima na hata usiku unapoingia na taa za majengo zinapoanza kuelea juu ya maji. Kuta, kina na mabomba ya zamani havistaafu pamoja na cheti cha maji ya kunywa.

#11 Mchangiaji wa tatu

Kwa wale wanaouliza ni lini waende, nyongeza moja fupi. Mamlaka nyingi za maji hutangaza kiwango cha bwawa kwa asilimia, na wengi wetu hukisoma tu tunapoogopa mgao. Kisomeni pia kama ratiba ya matembezi. Bwawa likiwa limejaa, vighuba vinafika hadi chini ya miti, na huo ni wakati wa mtumbwi palipo na ruhusa. Likishuka, tope linafunuka na ndege wa miguu mirefu wanakuja kwa makundi, lakini kwa wenye miguu mifupi kama sisi, darubini hutumika tukiwa kwenye nyasi.

#12 Mleta mada

Umesema kweli, na ningeyajua hayo kabla ya kiangazi kile ningekuwa na viatu viwili. Ukingo ule niliuzunguka tena mvua ziliponyesha na bwawa lilipojaa, nikapita juu kabisa kwenye mstari wa miti, na pale nilipolala chali palikuwa na maji ya kina cha mita mbili hivi, bata wawili wakipita juu yake bila haraka. Kiatu sikukitafuta.